Mnara wa bure? Kagua kabla ya kupanda

Ukitoka Nakuru, upite Salgaa na kupanda hadi Sachangwan, unaelewa kwa nini wapenzi wa redio hupenda miinuko. Antena ikiwa juu, sauti inafika mbali. Kwa hivyo kijana mwenye leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano (CA), anayejitambulisha hewani kwa 5Z4, akisikia kuna mnara wa zamani unaotolewa bure, lazima roho imdunde.

Tulia kwanza. Sachangwan inajua bei ya kitu cha bure. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka hapa, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mnara mkuukuu nao unaonekana salama hadi dakika ya mwisho.

Uamuzi wa kupanda unafanywa ukiwa bado chini. Angalia miguu inapoingia kwenye simiti. Maji hutuama hapo, kutu ikala chuma. Kama miguu ni ya paipu, inaweza kuoza kwa ndani huku rangi ya nje iking'aa. Gonga kwa nyundo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Kisha fuata kila waya unaoushikilia mnara hadi ardhini. Waya umelegea, nati hazipo, mnara umeinama? Hakuna kupanda, buda. Kodi kreni iushushe.

Mnara ukipita mtihani, vaa mshipi wa mwili mzima, si mkanda wa kiunoni tu. Uwe na kamba mbili za kujifungia: ukihamisha moja, nyingine bado imekushika. Wewe na msaidizi wako mvae helmeti, maana spana ikianguka haichagui kichwa. Msaidizi huyo ajue kukushusha. Ukizirai na kuning'inia kwenye mshipi, damu hukwama miguuni na unaweza kufa kabla msaada haujafika. Na wingu jeusi likitanda upande wa Mau, shuka mara moja. Radi haina urafiki na mtu aliyekumbatia chuma.

Gharama ikikushinda, usilazimishe. Waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati kuingiza kebo ya redio na kutundikwa kati ya miti miwili mbali na nyaya za stima, unatosha kuanza mawasiliano kwenye megahazi 7. Mnara utangoja.