Funga Mkia, Buda

Wasee wa Bugolobi, Kampala, washing bay imezeeka. Nani bado ana time ya kukaa kwa benchi huko Port Bell Road, soda imeshika joto, ukingoja kijana akaushe ndae ya mtu mwingine? Siku hizi maji ndiyo yanakufuata. Msee anatokea na pickup, nyuma amevuta trela: tangi ya lita elfu moja, injini ya petroli, pampu, rili mbili za paipu zimejipanga. Anapaki chini ya keja yako Bandali Rise, anamwaga foam ya pink, wewe unashoot video. Ndae ya Kawundo ya miaka ya tisini inatoka hapo ikijiona showroom.

Hiyo ni luku, siwezi kataa. Ngori inaanza msee akiondoka.

Ameshalipwa kwa simu. Gun ya maji ameirusha nyuma ya pickup, paipu ameizungusha kwa rili mbio mbio juu customer wa Mbuya anapiga, huyoo. Hump ya kwanza Luthuli Avenue, duara moja linateleza. Hump ya pili, mita tatu ziko chini. Akifika kona tayari ana mkia. Mweusi, mrefu, unafagia lami, na boda zote nyuma zinapiga honi. "Ssebo, omukira!" Na yeye anawapungia mkono akidhani ni mafans.

Manze, hakuna aibu inashinda hiyo. Una logo kwa mlango. Una t-shirt za kufanana na vijana wako. Una page. Lakini una mkia, so wewe ni mshamba mwenye trela.

(By the way, sisi wa Nai tukisikia Luthuli tunawaza maduka ya TV na woofer. Hii ya Bugolobi ni miti na apartments za madoo. Jina ni la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Nobel ya amani ya 1960. Ndiye mzee pekee nitasifu kwa hii story.)

Juu mzee mwingine tuko naye pale kwa flats, na ana maoni. "Rili ya nini? Sisi tulikuwa na ndoo na kitambaa." Ndiyo muzeeyi, tunajua. Peugeot yako bado imebeba tope la enzi za Obote.

Sasa shika hii. Paipu ya presha yenye tabaka mbili za waya ndani ni karibu nusu kilo kwa kila mita, kabla hata ya maji kuingia. Mita hamsini ni kilo ishirini na kitu zimekaa kwa drum linalozunguka. Drum likiwa huru, trela ikiruka shimo, uzito unaegemea upande mmoja na drum linajigeuza. Mara moja tu inatosha. Ncha inaanguka, lami inaishika, na kutoka hapo barabara ndiyo inavuta. Wewe unaenda mbele, paipu yako inabaki Bugolobi.

Na mashimo tunayo, usijali. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alianzisha exhibition ya mashimo ya Kampala huko Twitter, kila mtu akaleta picha ya shimo la kwao. Serikali ilishikwa aibu mpaka rais akaagiza KCCA, mamlaka ya jiji, ipewe shilingi bilioni 6 za kuziba. Exhibition ilikuwa kali. Collection nyingine bado iko barabarani, kiingilio ni shock absorber yako.

So unafunga aje? Unaanza na presha, na hapa ndipo wajuaji wanaanguka. Zima injini, funga maji, finya trigger mpaka gun inyamaze kabisa. Ukizungusha paipu ikiwa bado imeshiba, inakaa kwa drum ikiwa ngumu, halafu ikitulia inalegea na maduara yote yanapata nafasi ya kucheza. Hiyo ni recipe ya mkia. Pia, usiguse ule mdomo wa gun na kidole ukijifanya gangsta. Maji ya bar 200 yanapasua ngozi. Kwa nje utaona katundu kadogo tu, kumbe ndani nyama imeharibika. Hiyo haitaki plasta, inataka theatre, na inataka leo.

Presha ikiisha, nyoosha paipu chini yote, ndio uzungushe. Mkono mmoja kwa hendo, mwingine unaongoza paipu kushoto kwenda kulia, duara linabana duara. Kijana wako apite na kitambaa akipangusa murram, juu ule mchanga mwekundu unasugua mpira polepole mpaka waya uchungulie. Waya ukishaona maji na hewa unashika kutu, na paipu yenye kutu inapasuka siku ya customer mzito. Kila siku ni siku ya customer mzito, si ndio?

Halafu kuna pin. Rili nyingi za bei ya chini zinakuja na skrubu ya kukaza na mkono, basi. Hiyo skrubu ni decoration. Mtikisiko wa barabara unailegeza kabla ufike Nakawa. Unataka pin ya springi, inaingia kwa tundu la ubavu wa drum, kachak, drum halisongi hata ukipiga shimo la Spire mwenyewe. Kama rili yako haina, wasee wa Katwe wanatoboa na kuchomelea kabla umalize kula rolex yako. Ila toa paipu kwanza. Cheche za kuchomelea na mpira hazina undugu.

Lakini pin inashika drum tu. Haishiki paipu. Maduara ya juu bado yanaweza kuteleza na kushuka huku drum limetulia tuli, na hapo ndipo wasee wananiambia "lakini nilifunga!" Ulifunga nusu. Chukua blada, tube kuukuu ya boda, kata kipande, pitisha juu ya paipu, vuta, ifunge kwa fremu. Wale wa nduthi wanabebea vitanda na masofa na hizo blada. Haitashindwa na paipu yako.

Na hapa ndipo nacheka. Msee ameagiza rili ya stainless, ya mota, unabonyeza kitufe inajizungusha yenyewe. Bei yake ni rent ya Bugolobi, na si ya boys' quarter. Foam imetoka Dubai. Blada ya bure? Hana. Anasema inaharibu luku. Sawa, mkia ndio unaijenga.

Kitu kingine, usibandike rili kwa ubavu wa trela na hendo imetokeza nje. Boda wa Kampala akiona upenyo wa sentimita thelathini anahesabu hiyo ni highway, na goti lake litakutana na hendo yako. Iweke nyuma, ikiangalia ndani. Bolti ziwe na nati zile za plastiki ndani, hazifunguki kwa mtikisiko. Na kati ya pampu na rili weka kipande kifupi cha paipu laini, juu injini inatetemeka na rili haitetemeki, ukiunga na chuma kigumu kitakatika hapo katikati.

Muzeeyi alikuwa anatuangalia tukifunga blada. "Mngekunja tu kwa bega." Kilo ishirini na kitu, kwa bega. Halafu akasogea, akapapasa foam na kidole, akauliza kuoshewa Peugeot ni ngapi. Akaambiwa.

Ameenda kutafuta ndoo.