Nyumba ya Miti na Udongo Yenye Miaka 600

Mara nyingi tunasikia watu wakisema, "Ah, nyumba ya miti na udongo! Hiyo haidumu." Je, ni kweli? Leo tuitazame nyumba moja ya wakulima huko Uingereza. Jina lake ni Bayleaf.

Bayleaf ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1400, karibu na kijiji cha Chiddingstone, katika mkoa wa Kent. Haikujengwa kwa saruji. Ilijengwa kwa miti ya mwaloni. Mwaloni ni mti mgumu sana. Mafundi wa siku zile waliuchonga ukiwa bado mbichi, maana ukishakauka ni taabu kuuchonga.

Walijengaje? Kwanza walipanga msingi mfupi wa mawe. Juu ya mawe wakalaza boriti. Juu ya boriti wakasimamisha nguzo. Basi nguzo hazikugusa ardhi yenye maji. Miti waliiunga hivi: ncha ya mti mmoja waliichonga kama ulimi, na mti wa pili wakautoboa tundu. Ulimi ukaingia tunduni, kisha wakapigilia kijiti cha mwaloni ili usichomoke. Katikati ya nguzo walisuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe. Kumbe ni kazi tunayoijua!

Ndani kulikuwa na ukumbi mkubwa usio na dari. Moto uliwashwa sakafuni, na moshi ukapanda hadi kwenye paa. Pande mbili za ukumbi kulikuwa na vyumba, vya chini na vya ghorofani. Madirisha hayakuwa na vioo. Yalifungwa kwa mbao.

Katika miaka ya 1960 iliamuliwa kuchimba bwawa kubwa la maji mahali pale. Nyumba ingepotea. Mafundi wakaing'oa miti mmoja mmoja na kuipa namba. Waliifungua nyumba kama sisi tunavyofungua kitanda wakati wa kuhama. Mwaka 1972 ilisimama tena katika makumbusho huko Singleton, mkoa wa Sussex. Palipopungua mti, waliweka mwaloni mpya.

Siri yake ni nini? Nguzo hazikai katika maji. Paa linafunika kuta vizuri. Penye ubovu panatengenezwa.

Wengi wetu tunachimbia nguzo ardhini, nazo huanza kuoza hapo hapo chini. Tena sisi tuna mchwa, na wenzetu wa kule hawana adui huyo. Basi sisi ndio tunaopaswa kuangalia zaidi. Tusiidharau nyumba ya udongo, tuitunze. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Je, wewe, nguzo za nyumba yako zimesimama juu ya mawe au ndani ya tope? Nenda kazitazame kabla mvua hazijaanza.