Asiransi Ikikataa "Ugonjwa wa Zamani", Usiache Dawa

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayetunza jamaa nyumbani,

Barua imefika. Inasema asiransi hailipi dawa ya sukari, ya tansio au ya pumu, kwa sababu ni "ugonjwa wa zamani", maana yake ulikuwa nao kabla jina lako halijaandikwa kwao. Wengi wakisoma hivyo wanafanya makosa mawili: wanatupa barua, na wanaacha dawa. Lakini tansio haingoji barua ya pili. Mtu anayeacha dawa anaweza kupooza upande mmoja wa mwili, ama kuanguka ndani ya shimo akiwa na mashine mkononi. Basi shauri la kwanza ni hili: endelea na dawa, na siku ile ile uje dispansari na barua yako.

KWA NINI WANAKATAA?

Asiransi ni biashara. Watu wengi wanatoa feza kidogo kidogo, kwa kuwa hakuna anayejua hatari itampata nani. Ugonjwa unaojulikana tayari wanauhesabu kama nyumba iliyokwisha kushika moto. Kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake katika kazi hii nchini kwetu. Sheria ya mwaka 2015 ilifungua mlango kwa kompanyi nyingine. Kwa hiyo mapatano hayafanani. Alichojibiwa jirani yako huko Mongbwalu au Watsa si lazima kiwe jibu lako.

Soma barua polepole. Mara nyingi jibu ni moja kati ya haya matatu:

Ugonjwa haumo katika mapatano. Hapo asiransi haitalipa, na lazima njia nyingine itafutwe.

Muda wa kungoja haujaisha. Uliza tarehe utakapoisha, uiandike.

Karatasi zimepungua. Hilo si katazo. Karatasi ya mganga au ya laboratware inaweza kumaliza neno.

HAKI YAKO HAITOKI KWA ASIRANSI

Hapa ndipo wengi wanapotea. Sheria ya Kazi namba 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi na jamaa yake matibabu wakati wa ugonjwa, ajali, mimba na kuzaa, muda wote wa mapatano ya kazi. Sheria haiulizi kama ugonjwa umetoka kazini au nyumbani. Mwajiri anaweza kulipa asiransi ili imsaidie kubeba mzigo huo, lakini mzigo unabaki wake. Asiransi ikisema "hapana", neno halijaisha. Linarudi kwa mwajiri.

VUMBI SI "UGONJWA WA ZAMANI"

Wewe unayetoboa mwamba au kusaga mawe, sikiliza vizuri. Vumbi la mawe linaleta silikosi. Mapafu yanakuwa na makovu, pumzi inakuwa fupi, na kifua kikuu kinapata nafasi. Mara nyingi ugonjwa huu unaonekana baada ya miaka 10 au zaidi, kwa hiyo ni rahisi mtu kuambiwa, "Ulikuja nao." Silikosi ni ugonjwa wa kazi. Shirika la Kazi la Ulimwengu limeitaja hivyo tangu mwaka 1934. Neno lake linapelekwa CNSS, ile tuliyozoea kuiita INSS kabla ya sheria ya mwaka 2016. Ushahidi wako ni karatasi ya kupimwa ulipoingia kazini, pamoja na picha za kifua. Zitunze kama unavyotunza hati ya kiwanja.

FANYA HIVI

1. Omba katazo kwa maandishi, lenye sababu na tarehe. Neno la mdomo halina mguu.

2. Mwombe mganga aandike ugonjwa ulijulikana lini, dawa gani inahitajika, na hatari ya kuikosa.

3. Peleka barua biro ya wafanyakazi. Baki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa.

4. Wasipojibu, mwone delege wa sendika. Si lazima umtajie jina la ugonjwa wako; hiyo ni siri yako na mganga.

5. Ikishindikana, nenda kwa Inspeksio ya Kazi. Hapo pande zote mbili zinaitwa kupatana, na ni lazima kupita hapo kabla ya kufika kwenye tribinali ya kazi.

Wakati unangoja, mwulize mganga kama kuna dawa ya bei ndogo inayofanya kazi ile ile. Na ujue kwamba dawa za kifua kikuu na za ukimwi zinatolewa bure katika mpango wa serikali. Katazo la asiransi lisikuzuie kuzifuata.

USIFICHE

Wengine wanawaza, "Nisiseme nina sukari, watanikubali." Ni hatari mara mbili. Uwongo ukijulikana, asiransi inaweza kuvunja mapatano yote, na jamaa nzima ikabaki nje. Tena, mganga asiyejua ugonjwa wako anaweza kukupa kazi au dawa itakayokuumiza. Sema kweli siku ya kwanza, nasi tuandike.

Mama, wewe ndiwe mlinzi wa sanduku la karatasi. Leo jioni tafuta hizi: fishi ya kupimwa, kitabu cha matibabu, mapatano ya kazi, barua zote za asiransi. Ziweke pamoja katika mfuko wa plastiki, mbali na mvua na panya. Kama moja haipo, njoo dispansari kabla ya ugonjwa kukulazimisha.