Motokulteri imekataa kuwaka: kabla ya kumlipa fundi, kabla ya kumshitaki mtu



Wengi wenu mmetuuliza habari za mashine yetu ya kulima, maana neno kwamba imekufa lilifika mpaka sokoni. Haikufa. Tunawaeleza yote hapa, pamoja na kosa letu, kwa sababu vikundi vingine vya hapa kwetu, katika uwanda wa Ruzizi, vina mashine kama ile. Na wale wasiokuwa na motokulteri wana kinu cha unga karibu nao, ambacho moteri yake mara nyingi ni ya ukoo uleule.

Tuliinunua ya mkono wa pili, kwa feza za kasha ya kijani ya MUSO yetu. Ni trakta ndogo ya magurudumu mawili. Mtu anatembea nyuma yake ameshika pembe zake. Moteri ina silinda moja, inakula mazutu, na inawashwa kwa manivela. Haina batri wala buji.

Mvua za Septemba zilikuwa zimekwisha kuanza. Mashamba matano yalibaki, na mawili kati ya hayo ni ya wamama waliokuwa wametoa pesa yao ya mwisho kununua mbegu. Siku ya nne ya juma, asubuhi, mashine iliwaka vizuri, ikalima karibu nusu saa, kisha ikaanza kukosa pumzi na kuzimika. Tukafungua tangi kuangalia kama mazutu yamekwisha. Yalikuwepo. Tukafunga, tukazungusha manivela, ikawaka tena. Nusu saa nyingine, ikazimika. Tukafungua, tukaangalia, tukafunga, ikawaka. Mara ya tatu ikakataa kabisa.

Fundi mmoja akaja. Akafungua filtri, akaifunga, akazungusha manivela mara mbili, akasema pompi ya mazutu imekufa, lazima aipeleke mjini, na tumpe dola 60. Tukampa 20 za kuanzia. Jioni ile maneno yakaanza. Mtu akasema: aliyenunua mazutu alinunua ya barabarani, yenye maji, akabaki na tofauti ya bei. Mama huyo alikuwa amekaa pale pale. Hakujibu. Kesho yake hakuja kwenye mkutano, na binti yake, ambaye yuko darasani kwetu, alikaa mchana wote bila kuinua kichwa. Watoto wengine watatu hawakuja kabisa, walikuwa wamepewa majembe. Sisi tunaofundisha tunajua mambo haya: mashine ikisimama shambani, benchi za nyuma zinakuwa tupu.

Tulikwenda kumwona mzee wa kinu. Amesagia watu unga miaka mingi kwa moteri ya silinda moja, na hana mtu wa kumtengenezea. Tulimweleza habari ya pompi, ya fundi, ya mazutu yenye maji. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mukizungusha manivela, moshi unatoka?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameangalia.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu swali hilo linafungua mambo mengi. Wengi wetu tunafikiri moteri zote zinawaka kwa cheche, kama moto ya bodaboda. Ya mazutu haina cheche. Chukueni pompi ya baiskeli, pumpeni tairi kwa nguvu, halafu gusa chini ya pompi: ni moto. Hewa ikibanwa inapata joto. Ndani ya silinda ya mazutu hewa inabanwa mpaka inabaki nafasi ndogo sana, karibu sehemu moja kwa ishirini ya ile ya kwanza, na joto lake linapita digri 500. Hapo pompi inarusha mazutu kidogo kupitia enjekteri, kama mvua laini sana, na yanajiwasha yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel aliomba haki ya uvumbuzi huo mwaka 1892, na moteri yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilionyeshwa mwaka 1897. Ndiyo maana wengine wanaita mazutu dizeli.

Basi moteri hii inadai vitu vitatu tu: hewa, mazutu, na kubanwa vizuri. Ikikataa kuwaka, kimoja kimekosekana. Na moshi unakuambia ni kipi cha kuangalia kwanza. Ukizungusha manivela na moshi hautoki hata kidogo, mazutu hayafiki ndani. Moshi mweupe ukitoka na moteri haiwaki, mazutu yanafika lakini hayaungui: labda moteri ni baridi sana, labda mazutu yana maji, labda hewa haibanwi. Moshi mweusi wakati wa kazi unasema hewa haitoshi au mzigo ni mzito, basi angalia filtri ya hewa. Ya kwetu ilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Na kama manivela inazunguka kwa urahisi hata baada ya kuachilia kile kijiti cha kupunguza nguvu, bila ile sehemu nzito ya kukaza mkono, basi hewa inavuja. Hiyo ni kazi ya fundi kweli, usipoteze siku.

Kwetu moshi haukutoka. Kumbe shida ilikuwa kwenye njia ya mazutu, na njia hiyo mtu anaifuata kwa jicho, kuanzia tangi mpaka enjekteri, kama unavyofuata mfereji wa maji shambani kutafuta mahali palipoziba.

Mzee alianza na yale yasiyo na gharama. Kijiti cha kuzimia: kimerudi mahali pake au kimebaki upande wa kuzima? (Tusicheke, alisema amewahi kuitwa mbali kwa ajili ya hicho tu.) Robine chini ya tangi: imefunguliwa? Kisha akachukua chupa safi ya plastiki, akaijaza mazutu kutoka chini ya tangi, akaisimamisha juu ya jiwe mbele ya watu wote. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini, na mpaka kati ya hivyo viwili unaonekana wazi. Tulingoja saa nzima. Mazutu yalikuwa rangi moja kutoka juu mpaka chini. Hakuna maji. Mama yule hakuwepo kuona, lakini waliosema walikuwepo.

Akafungua kifuniko cha tangi, akakigeuza. Ndani yake kulikuwa na kipande cha plastiki ya sasheti, kimekunjwa mara mbili.

Wamama, plastiki ile tuliiweka sisi, watatu wa kamati, pamoja na anayeandika haya. Mwezi wa nane mpira wa kifuniko ulikuwa umekwisha, mazutu yalikuwa yanamwagika njiani, na mazutu ni bei. Tukaziba vizuri sana. Hatukujua kwamba kifuniko kile kina tundu dogo, dogo kama la sindano, na kwamba tundu hilo si kosa la kiwanda. Ni pua ya tangi. Mazutu yakishuka, hewa lazima iingie juu kuchukua nafasi yake. Ukiziba, tangi linaanza kunyonya, kama mtoto anayenyonya chupa bila kuiachia: mwishoni hakishuki kitu. Chimba chungu cha maji tundu moja tu chini na ukifunike kabisa juu, utaona.

Sasa mnaelewa kwa nini iliwaka tena kila tulipofungua tangi kuangalia. Tulikuwa tunaponya ugonjwa kwa mkono wetu wenyewe na kuurudisha dakika ileile. Tangu mwezi wa nane mashine ilikuwa imefanya safari fupi tu, kwa hiyo haikupata nafasi ya kulalamika.

Na mara ya tatu? Hewa ilikuwa imenyonywa ndani ya tiyo, na fundi alipofungua filtri akaongeza nyingine. Hewa ikikaa ndani ya tiyo ya mazutu, pompi inabana hewa badala ya kusukuma mazutu, na unaweza kuzungusha manivela mpaka jua lishuke. Lazima uitoe. Tuliandika namna ya kuitoa katika kaye ya kikundi, polepole, na mzee alitufanya turudie:

Jaza tangi, fungua robine. Legeza visi ndogo iliyo juu ya filtri, acha mazutu yatoke na mapovu yake mpaka yatoke bila povu, kaza. Legeza mahali tiyo inapoingia kwenye pompi, ngoja vilevile, kaza. Mwisho legeza kidogo nati ya ile tiyo nyembamba ya chuma inayokwenda kwenye enjekteri, weka kijiti cha mazutu upande wa kazi, na mwenzako azungushe manivela mpaka mazutu yaruke pale kwenye nati. Kaza. Funika sehemu ile kwa kitambaa kinene, weka uso mbali, na usijaribu hata siku moja kuhisi kwa kidole: nguvu ya pompi ile inaweza kuingiza mazutu ndani ya ngozi, na kidonda chake kinaonekana kidogo nje huku mkono unaoza ndani. Likimpata mtu, ni hospitali siku hiyohiyo.

Mzee alituomba tuongeze mengine, na kwa kuwa sisi ni wamama tunayaongeza bila kuona haya. Anayezungusha manivela asiwe na mtoto mgongoni, na ncha ya kitenge isining'inie karibu na mkanda na gurudumu. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, maana manivela ikirudi nyuma inavunja gumba. Usimwagie esansi kwenye mdomo wa hewa ili iwake haraka. Usifungue maji ya kupoza moteri ikiwa ya moto, wala usiiwashe mahali ambapo maji yamekauka. Moteri hizi za silinda moja nyingi zinachemsha maji yake na kuyapunguza saa kwa saa, na mtu mmoja anapaswa kuwa na kazi ya kuyaongeza.

Tulitoa plastiki, tukasafisha tundu kwa sindano, kijana wetu akakata mpira mpya kutoka katika tiyo ya baiskeli na kuutoboa pale tundu lilipo. Tukatoa hewa. Manivela ya kwanza: moshi mweupe kidogo. Ya pili ikashika. Pompi iliyokuwa imekufa ilifanya kazi mpaka jioni, na siku ya sita shamba la tano lilikwisha.

Jioni ya siku ya tano tulikwenda watatu, wale wa plastiki, nyumbani kwa mama yule. Tulichukua chupa ya mazutu na kile kipande cha sasheti, tukaweka vyote viwili mezani. Alitazama chupa kwa muda mrefu. Akasema: "Dada zangu, mngeniuliza tu nilinunua wapi, ningewapeleka." Halafu akatuwekea chakula. Siku ya kwanza alikuja mkutanoni, na waliosema wakasimama mmoja mmoja wakaomba msamaha mbele ya wote, si kwa simu. Kamati ilimwomba aendelee kununua mazutu. Amekubali, kwa sharti kwamba kila bidoni ipimwe kwa chupa mbele ya watu wawili kabla ya kumwagwa kwenye tangi, na sharti hilo limeandikwa.

Kaye iko kwa mwandishi wa kikundi. Kikundi chochote kinachotaka kunakili kurasa zile kije na kalamu yake. Mzee wa kinu amekubali kuja mara moja kuonyesha kazi ya kutoa hewa. Hakutaka malipo, tulimpelekea mchele.

Dola 20 bado ziko kwa fundi wa kwanza. Siku ya tatu mweka hazina anakwenda kumwona, na wawili kati yetu tutamsindikiza.