JE, WAJUA? Aliponea chooni

Boris Cyrulnik, mtoto wa Kiyahudi wa Ufaransa, alikuwa na miaka 6 tu alipowaponyoka Wanazi. Ilikuwa Januari 1944, ndani ya sinagogi la Bordeaux lililogeuzwa mahabusu. Alikwea ukuta wa choo akajibana karibu na dari, mgongo huku, miguu kule. Walioingia hawakuinua macho!

Nesi mmoja akamtorosha garini, chini ya godoro la mwanamke mahututi.

Wazazi wake hawakurudi kutoka kambi za Wanazi. Baada ya vita alisimulia, watu wakacheka. Akafunga mdomo kwa miongo kadhaa, huku akisomea udaktari wa akili, kazi iliyompa sifa.

Nywele za nesi alizikumbuka kuwa za dhahabu. Walipokutana tena, mama huyo alimwonyesha picha yake ya ujanani: nyeusi tititi.