Gharama ya kabro imo chini ya kabro

Siku hizi huku Changamwe, kila mwenye gari hutaka njia ya kabro kutoka langoni hadi barazani. Nimeyaona makadirio ya mafundi kadha wa kadha, na mengi yana mistari miwili tu: matofali na ujira. Karatasi ya namna hiyo ni mtego, nami ningefurahi kuona walimu wa hisabati na jiografia wakiifanyia zoezi darasani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tofali la kawaida la kabro lina urefu wa milimita 200 na upana wa milimita 100, kwa hiyo mita moja ya mraba huchukua matofali 50. Njia ya mita 12 kwa 3 yahitaji matofali 1,800. Fundi akitaja, tuseme, shilingi 30 kwa tofali, mteja hupata 54,000 na kudhani amemaliza.

Hajamaliza. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, unaopitisha maji. Sisi tumekaa juu ya miamba laini ya matope yaliyogandamana tangu zama za Jurasiki, na wanajiolojia wameipa jina la Changamwe yetu. Ikichakaa, hugeuka udongo wa mfinyanzi, unaofura kwa masika na kupasuka kwa jua la kaskazi. Bei ya kisiwani basi haivuki Makupa hivi hivi. Hapa udongo huchimbwa na kuzolewa, kisha mawe na kokoto hushindiliwa mahali pake. Kina cha sentimita 15 tu katika njia ile ile ni mita za ujazo 5.4, na lori hulipwa kuleta na kulipwa kuondoa. Bado mchanga wa kulalia matofali. Bado ukingo wa zege, ambao ukikosekana matofali huachana kama meno ya kizee.

Linaloniudhi zaidi ni maji. Mvua ya milimita 50 ikiangukia njia hiyo ni lita 1,800, na kabro iliyobanana vyema huyateremsha karibu yote kwa jirani wa chini, ambaye pengine nyumba yake ni ya udongo. Mtaro hauandikwi katika makadirio kwa sababu anayeuhitaji siye anayelipa. Ningetaka uandikwe mstari wa kwanza, kabla ya tofali lolote kuhesabiwa. Na kama barabarani hakuna mfereji wa kuyapokea maji hayo, mwenye gari na abaki na changarawe.