Zana za tarakilishi: Tuchague kwa vigezo gani?

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii ilinijia hivi majuzi nilipowasikiliza wanafunzi wawili wakibishana katika chumba kimoja cha kompyuta huko Kawangware. Mmoja alishikilia kwamba anayetaka kuandika programu sharti atumie Visual Studio Code, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015. Mwenzake, mkazi wa Kibera mwenye tarakilishi kuukuu iliyowekwa Linux, akaitetea Vim, iliyoanza kusambazwa mwaka 1991. Aliitetea kwa unyonge, kwani mwalimu wake alikwisha kumwambia kwamba bila mashine mpya asijisumbue na taaluma hii.

Maneno ya mwalimu huyo ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu.

Hapana shaka Visual Studio Code ni zana nzuri. Humwonyesha mwandishi makosa yake papo hapo, na anayeanza huizoea upesi. Hata hivyo, imejengwa juu ya misingi ya kivinjari cha intaneti, kwa hivyo hula kumbukumbu nyingi ya mashine. Vim, kwa upande wake, ni nyepesi mno na haihitaji hata kipanya. Dosari yake ni ugumu wa amri zake; mgeni aghalabu hushindwa hata kujua namna ya kutoka. Waama, mwasisi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, hakudai malipo. Aliwaomba watumiaji wawasaidie watoto wa Kibaale nchini Uganda.

Ni ipi bora basi? Ndugu msomaji, swali hilo halina jibu mpaka tujue fundi ni nani na yuko wapi.

Kibera yenyewe imetupa funzo. Mwaka 2009, vijana wa mtaa huo walianza kuchora ramani yake katika mradi wa Map Kibera, wakati ambapo katika ramani za intaneti mtaa huo ulikuwa kama uwanja mtupu. Miongoni mwa zana zao ilikuwa JOSM, programu huria inayomwezesha mtu kupakua data, kuchora bila intaneti, kisha kupeleka kazi yake baadaye. Zana nyingine ya siku hizo, Potlatch, ilikuwa rahisi zaidi kwa mwanagenzi, lakini ilifanya kazi ndani ya kivinjari na kuhitaji intaneti. Kwa anayenunua intaneti kidogo kidogo, tofauti hiyo si ndogo.

Kigezo kingine, ambacho mimi kama mwanaisimu siwezi kukipuuza, ni lugha. Mwaka 2004, wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye mali, kwa sababu leseni ya programu huria humruhusu yeyote kuifungua, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza. Programu iliyofungwa hutafsiriwa pale tu mwenyewe anapoona faida.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, kabla ya kumpendekezea mwanafunzi zana, tuulize mambo matatu: Je, itafanya kazi katika mashine aliyo nayo? Je, itafanya kazi intaneti ikikatika? Je, anaruhusiwa kuifungua ajifunze jinsi ilivyoundwa? Umaarufu uje baadaye. Tukiwafunza vijana kutegemea nakala za wizi za programu ghali, tutakuwa tumewavika nguo ya kuazima, na cha kuazima hakisitiri maungo.

Wale wawili sikuwaamulia. Nilimwambia wa kwanza aendelee na chombo chake iwapo mashine inakimudu. Yule wa Kibera nilimwambia kwamba mashine yake inatosha, na kwamba aliyekosea ni mwalimu wake.